Roki Westlands Jumamosi usiku: bendi ziko sawa, kesi yangu ni ya mitambo

Kiingilio kilikuwa Sh500 ukilipa mapema kwa M-Pesa, Sh800 ukilipia mlangoni. Bango lilisema saa kumi na mbili jioni, na bendi ya kwanza ikagusa gita saa tatu kasorobo. Naanza na hayo kwa sababu ndiyo ninayoulizwa kila nikisema nilikuwa kwenye shoo ya roki: pesa ngapi, na ilianza saa ngapi. Swali la tatu huwa, "Kwani kuna Wakenya wanaopiga roki?" Wapo, tena wapo kitambo. Nitalifikia.

Ukumbi siutaji jina. Uko Westlands, Nairobi, baa mbele, ua ulioezekwa mabati nyuma, na mwenyewe ni mteja wangu. Mimi ni fundi wa spika pale mtaa wa Luthuli, mjini: nabadilisha koili, nabandika koni zilizochanika, nafufua amplifaya zilizoungua. Amplifaya yake moja iko mezani kwangu mpaka sasa hivi, na sitaki aje kuichukua kwa hasira. Akisoma haya atajijua.

Bendi zilikuwa tatu, zote changa. Majina yao nayo msiniulize sana. Anayefuata roki nzito anayajua mabango yake: nembo zimesokotana kama mizizi ya mikoko, mpaka mwenye bendi akuelekeze kwa kidole herufi ya kwanza iko wapi. Nitawaita nilivyowaita usiku ule: watoto wa chuo, watatu wa Rongai, na wale wa dada.

Mlangoni kijana wa usalama alinipapasa mifuko, akanimulika tochi usoni, akaona ndevu zilizoingia mvi.

"Mzee, unamtafuta mtoto wako?"

"Namtafuta mpiga ngoma."

"Ni mtoto wako?"

"Bado."

Akacheka, akanigonga muhuri mkononi, nikaingia. Huduma ya mlango naipa alama zote. Hapakuwa na kusukumana, tiketi za simu zilisomeka mara moja, na hata waliofika bila chenji walisaidiwa bila kutukanwa. Tungekuwa tunahukumu mlango peke yake, ningeishia hapa.

Sasa mitambo. Spika zenyewe si mbaya. Kila upande kuna mbili za inchi 15 juu na sabwufa ya inchi 18 chini, na hali yake naijua kwa sababu moja ya hizo sabwufa niliifunga koili mwenyewe. Shida ni mkono unaozishika. Siku nyingine zote ukumbi ule ni wa madidijei. Didijei wa amapiano anataka besi ikutikise kifua na zile sauti nyembamba za juu zikukune masikio. Sauti za katikati hana haja nazo sana, kwa hiyo fundi wa nyumba amezishusha na kuziacha huko huko. Jumamosi ikaja roki, na hakuna aliyegusa kitufe. Na roki inaishi katikati. Gita la umeme liko hapo, sauti ya mtu iko hapo, na ule mlio mkavu wa ngoma ndogo uko hapo. Ukipafyeka, unabakiwa na ngurumo chini na matoazi juu, na kati yake mtu anafungua na kufunga mdomo.

Mimi ni mtoto wa Kisauni, Mombasa, nimekulia kwenye maharusi ya taarabu. Kule fundi akiyapoteza maneno ya mwimbaji, shughuli imeharibika. Mama hawezi kuinuka na kujipitisha mbele ya watu kwenda kutunza kwa sababu ya ubeti ambao hakuusikia, na noti zisipoinuka mwimbaji anarudi kwake na nauli tu. Ndiyo maana fundi wa taarabu niliyejifunzia kwake alikuwa anaanza na sauti ya mtu. Akishairidhia ndipo anaizungushia udi na akodioni, na ngoma anaileta mwisho, kwa adabu. Yule wa Westlands alianza na ngoma. Nilimtazama tangu wanafunga vyombo: dum, dum, dum, kwa muda mrefu, kisha gita, kisha akamwambia mwimbaji "sema moja mbili", akasema moja mbili, basi, wakaenda kula. Bendi zetu za roki hulalamika kwamba watu wa Nairobi hawaimbi pamoja nao. Wataimba nini, na neno halijawafikia?

Na kuna ule mluzi. Watoto wa chuo wana mwimbaji wa kunguruma, na kama wangurumaji wengi anaifumbata maiki kwa viganja viwili, kichwa chote kimepotelea mkononi. Kwenye picha inapendeza. Lakini maiki ya jukwaani imeundwa isikie ya mbele na iyakatae ya nyuma, na kazi hiyo inaifanya kwa msaada wa matundu yaliyo nyuma ya ule wavu. Yazibe, na maiki inaanza kusikia kila upande, ikiwemo spika iliyo miguuni pako. Sauti inatoka, inaingia tena, inatoka ikiwa kubwa zaidi, na ua mzima unapigwa mluzi wa kutoboa kichwa. Fundi anashusha maiki. Mwimbaji hajisikii, anazidi kuifumbata. Fundi anashusha tena. Baada ya nyimbo kadhaa nikamwendea.

"Kaka, mwambie atoe mkono kichwani mwa maiki."

"Ndiyo staili yao, mzee."

Nikarudi nilipokuwa.

Watoto wa chuo wenyewe wana nguvu na wana nyimbo mbili nzuri. Walipiga saba. Mpiga gita wao ana mkono mwepesi na atafika mbali akijifunza kunyamaza, maana hata mwenzake akiongea na watu yeye anaparuza nyuzi. Waya wake ulikuwa unakwaruza kila akigeuka kushoto. Hiyo ni jeki imeachia solda kwa ndani, kazi ya dakika tano. Nilijizuia.

Watatu wa Rongai ndio walionifanya niandike. Gita, besi, ngoma, hakuna zaidi, na mpiga besi ndiye anayeimba. Wimbo wa kwanza ulikuwa haujafika kibwagizo cha pili ilipojulikana kwamba sakafu ni ya vigae na ile kapeti waliyoahidiwa haipo. Kila kijana akikanyaga pedali, ngoma ya mguu inasogea mbele kiasi. Anaivuta, inakwenda tena. Ikafika mahali anapiga huku anakifuata kiti chake, nusu amekaa na nusu amesimama. Kijana mmoja katika watazamaji akatoka mbio, akarudi na tofali lile la kuzuilia geti, akalipachika mbele ya ngoma. Likafaa kidogo, kisha tofali nalo likaanza kusafiri. Basi yule kijana akafanya jambo ambalo sijaliona kwenye shoo yoyote: akakaa sakafuni, mgongo wake kwenye ngoma, miguu ameikita kwenye spika ya jukwaani, akawa yeye ndiye tofali. Alikaa hapo mpaka bendi ikamaliza. Kila pigo linamwingia uti wa mgongo na kichwa kinamtikisika kwa lazima, huku ameishikilia chupa yake ya maji isimwagike. Mpiga ngoma alipopata kitu kisichokimbia, bendi ikafunguka. Kuna wimbo wao wa taratibu unaoanza na besi peke yake, noti nne tu zinazunguka, na gita linachelewa kuingia mpaka unadhani limesahau. Linapoingia, halipigi ulichokitarajia. Watoto wale wamesikiliza benga nyumbani kwao, wapende wasipende. Lile gita linazungumza na besi kwa namna ambayo bendi ya roki ya Seattle, Marekani, haiwezi kuijua.

Baadaye nilimtafuta yule kijana nikamuuliza kama ni ndugu ya mpiga ngoma. Hawajuani kabisa. Alisema tu, "Wimbo ulikuwa mzuri, na ngoma inakimbia. Ningefanyaje?"

Sasa lile swali la tatu. Zamani jibu lilikuwa jepesi: unamfungulia mtu 105.5, X FM, roki tangu asubuhi, na katikati ya Wamarekani na Waingereza wanapita Murfy's Flaw na Parking Lot Grass. Redio ile ilizimwa, na tangu hapo mtu anaweza kuishi Nairobi maisha yake yote asijue. Lakini muziki haukungoja redio. Last Year's Tragedy walishika upande wa kelele nzito. Duma, vijana wawili tu wa hapa hapa, walikwenda Kampala, na mwaka 2020 lebo ya huko, Nyege Nyege Tapes, ikatoa albamu yao, ikasifiwa ng'ambo wakati hapa wengi hawajawahi kuwasikia. Mwimbaji wao, Martin Khanja, ndiye anayejiita Lord Spikeheart, aliyetoa albamu ya The Adept mwaka 2024. Na kuna Crystal Axis, wa panki, wenye wimbo juu ya Nyayo House na vyumba vyake vya chini vilivyotumika kutesea watu enzi za Moi, jumba lile lile tunalopigia foleni ya pasipoti. Wimbo wa namna hiyo ukiupitisha kwenye mitambo isiyo na katikati, umebakiza hasira na kupoteza kinachokasirisha. Ndiyo sababu nashikilia jambo hili. Bendi zetu zina la kusema, na anayelipia Sh800 ana haki ya kulisikia.

Wale wa dada walipanda kama saa nne na nusu. Watu watano: magita mawili, besi, ngoma, na dada mwenyewe, mwembamba, na viatu vya ngozi vya kufunga kamba mpaka magotini. Waliwahi kugundua nilichogundua, maana dada aliongea na fundi kabla ya wimbo wa kwanza, akimwonyesha mkono: panda, panda, panda. Akapandishiwa kidogo. Bado hakusikika. Unaona mishipa ya shingo inatoka na unachosikia ni "aaa" kwa mbali.

Katikati ya wimbo wa tatu stima zikapotea. Msiwalaumu waliozoeleka kulaumiwa, taa za jirani zilikuwa zinawaka. Ilikuwa swichi ya pale pale iliyoruka, na nikiwa fundi sikuhitaji kuambiwa kwa nini: jiko la chipsi, jokofu la bia na amplifaya za jukwaa vyote vimechomekwa kwenye laini moja. Magita yakafa. Taa zikafa. Mpiga ngoma hakufa. Akashusha mapigo, akabaki kwenye ukingo wa ngoma na toazi moja, watu wakawasha tochi za simu, na dada akasogea mbele ya jukwaa, akaiacha maiki kwenye mhimili wake, akaendelea kuimba kwa koo lake tupu. Na hapo, saa tano kasoro usiku, nikasikia maneno ya kwanza ya usiku ule. Kiswahili, tena cha mtu anayekijua. Anaimba juu ya mwenye nyumba aliyempachikia kufuli mlangoni kwa ajili ya kodi, na yeye amesimama kwenye ngazi na mifuko ya soko, anasikia simu yake inalia ndani. Simu ndani, yeye nje, na anajua anayempigia ni mama. Watu walinyamaza kwa namna ambayo baa hainyamazi. Kibwagizo kiliporudi mara ya pili kiliimbwa na ua mzima. Hawa ndio wale wale wasioimba.

Stima zilirudi baada ya mtu kuchomoa jiko la chipsi, sauti ikarudi ilivyokuwa, na dada akameza maneno yake tena. Waliendelea vizuri, walikwisha saa sita kupita, na watu waliruka mpaka vumbi la mabati likaanza kutudondokea. Nimewasikiliza kwenye simu tangu siku ile. Rekodi zao ni safi, maneno yote yapo, lakini lile la kwenye giza halimo.

Nisemee na watazamaji, kwa sababu kuna wanaoogopa. Mbele ya jukwaa hufunguka duara la kusukumana, na kwa mtu asiyelijua linaonekana kama vita vya mateja. Lina sheria kali kuliko matatu. Ukianguka unainuliwa kabla hujagusa chini vizuri. Ukiinua kidole kutaka kutoka, unapewa njia. Niliona miwani imeinuliwa juu kwa mkono wa mtu, ikazungushwa hewani nusu wimbo mpaka mwenyewe akapatikana. Wasichana walikuwa ndani ya duara bila wasiwasi, na aliyejaribu kushikashika alitolewa na watu wa duara wenyewe, usalama ukamkuta ameshafika mlangoni. Mimi nilisimama pembeni. Magoti yana umri wake.

Masikio lakini hayana mbadala, na hili nalisema kama fundi. Kwa desibeli 85 sikio linavumilia saa 8. Kila ukiongeza 3, muda unakatika nusu, kwa hiyo ukifika 100 una robo saa tu, na mbele ya zile spika tulikuwa tumeipita 100. Pamba usijisumbue nayo, haizuii kelele ya kutosha. Nunua vile vizibo vya sponji wanavyovaa wafanyakazi wa viwandani, utavipata kwenye maduka ya vifaa kwa bei ya soda. Uvisokote, uvisukume ndani, uvishikilie mpaka vifure. Usiogope kukosa muziki, vinashusha kelele tu, na pale Westlands, kwa vile vinakata zaidi zile za juu, vilinisaidia hata kusikia gita. Mahali pa kusimama ni karibu na meza ya fundi, hatua chache mbele yake. Ukutani usiegemee, besi hujazana huko.

Chakula nitakipita haraka. Chipsi Sh350, zimelowa, na sasa mnajua zilivyotukatia stima. Maji nusu lita Sh150. Mutura iko nje ya geti kwa Sh50 na ni bora kuliko chochote kilichoko ndani. Choo cha wanaume kina taa na hakina komeo. Dada wawili niliokuwa nao kwenye foleni ya mutura walisema chao kina komeo na hakina taa.

Fulana za wale wa dada zilikuwa Sh1,200, zimechapwa kwa mkono, nyeusi, na nembo hiyo hiyo isiyosomeka. Nilinunua. Nimeshaifua na rangi haijatoka. Nunueni, maana mpiga besi wa Rongai aliniambia mgao wao wa mlango uliishia kwenye gari la kurudisha ngoma nyumbani. Kurudi kwenyewe, ukingoja shoo iishe utakuta bei ya teksi za simu imeshapanda. Tembea mpaka barabara kubwa ukiwa na wenzako, matatu za usiku za kwenda mjini bado zinapita.

Nyota: bendi ya kwanza tatu, ya pili tano, ya tatu tano kwa zile dakika za giza na nne kwa zilizobaki. Mlango tano. Jiko moja. Mitambo mbili, na hizo mbili ni za spika zenyewe, si za aliyezishika. Shoo nyingine ipo mwisho wa mwezi na nitalipa mapema.

Na wewe mwenye ukumbi, ukifika hapa: amplifaya yako imepona, ilikuwa transista mbili na fyuzi. Njoo uichukue mchana, uje na fundi wako, nimwonyeshe pale katikati panapandishwaje. Jiko la chipsi litafutie laini yake. Zile jeki zinazokwaruza nileteeni zote kwenye mfuko, nitazipiga solda bure, nipe tu kapeti ya yule mpiga ngoma.